Shaba ya Reli katika Nchi ya Chai: Kwa Mkono, kwa Kilo na kwa Jina

Katika vilima vya Kericho na Bomet, shaba imekuwa bidhaa ya kuuzwa na kuuzwa tena tangu enzi za misafara, na kila zama imeipa kipimo chake. Wafanyabiashara wa misafara waliipima kwa mkono. Wanunuzi wa vyuma chakavu huipima kwa kilo. Wakusanyaji wa kumbukumbu za reli, wengi wao wakiwa Ulaya na Amerika Kaskazini, huithamini kwa jina lililochongwa juu yake, au kwa ustadi wa injini ndogo ya mfano iliyoundwa kwayo. Kilichokutanisha vipimo hivi vitatu ni Reli ya Uganda, iliyopenya bonde la Nyando mwaka 1901 ikipitia Londiani, Lumbwa na Fort Ternan. Kuifuata shaba hiyo mkono kwa mkono ni kufuata pia historia ya watu waliopitiwa na reli: Wakipsigis, jirani zao Wanandi, walowezi, makampuni ya chai na wafanyakazi wa mashamba.

Masango ya misafara

Chuma kilikuwa mali ya nyumbani kabla reli haijafika. Wahunzi wa jamii za Kalenjin walifua mikuki, majembe na vito vya chuma, na kazi yao ilikuwa na heshima na miiko yake. Shaba haikuwa hivyo. Iliingia nchini kutoka pwani ikiwa waya mnene uliovingirishwa, ulioletwa Zanzibar na meli za Ulaya na Marekani na kupandishwa bara na misafara. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, alieleza kwa kirefu biashara ya waya huo, ambao wapagazi na wafanyabiashara waliuita masango. Pamoja na nguo na shanga, masango yalikuwa mojawapo ya bidhaa tatu ambazo msafara haukuthubutu kuondoka pwani bila kuwa nazo.

Njia za kaskazini, zilizokatiza nchi ya Wamaasai kuelekea Ziwa Victoria, zilitegemea waya kwa namna ya pekee. Joseph Thomson, aliyepita njia hizo mwaka 1883 na 1884, alilazimika kulipa hongo kwa waya na shanga karibu kila alipokutana na moran, yaani vijana wapiganaji wa Kimaasai. Sehemu kubwa ya waya huo ilikuwa ya chuma, yaani seng'enge, na nyingine ya shaba. Kutoka kwa Wamaasai na majirani wengine waya uliendelea kusambaa kwa kubadilishana na mifugo na nafaka, ukafika katika makazi ambayo hayakuwahi kukanyagwa na msafara.

Thamani ya waya ilitokana na mambo mawili. La kwanza ni kwamba haukuisha kwa kutumiwa. Nguo ilichakaa na shanga zilipotea, lakini waya uliozungushwa mkononi au mguuni uliweza kufunguliwa, kunyooshwa na kupewa mwingine. Mapambo yalikuwa pia akiba. La pili ni kwamba uliweza kukatwa vipande bila kupoteza kitu, kwa hiyo ulifaa kulipia mbuzi mmoja au shehena nzima. Kwa sababu hizo mbili, waya ule ule uliweza kuuzwa mara nyingi, na soko la kwanza la shaba katika nyanda hizi lilikuwa kwa kiasi kikubwa soko la mali iliyokwisha kumilikiwa na mtu mwingine.

Reli na nyaya zake

Reli za kwanza zilitandazwa Mombasa mwaka 1896 chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse. Zilifika Nairobi mwaka 1899, na Desemba 1901 zikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence na leo panaitwa Kisumu. Sehemu ya mwisho ilikuwa ngumu kuliko zote. Kutoka Nakuru njia ilipanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha ikateremka kando ya mabonde yaliyokatwa na mito hadi tambarare ya Kano. Ili kuvuka makorongo hayo kulihitajika madaraja marefu ya chuma. Viwanda vya Uingereza vilikuwa na kazi nyingi wakati huo, hivyo madaraja 27 yaliagizwa kutoka kampuni ya American Bridge ya Marekani. Injini 36 ziliagizwa vilevile kutoka kiwanda cha Baldwin cha Philadelphia.

Nchi hiyo haikuwa Kenya bado. Hadi 1902 eneo lote la magharibi mwa Bonde la Ufa lilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ndipo likahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza. Reli ilipita karibu na mpaka wa nchi za Wanandi na Wakipsigis, jamii ndugu zenye lugha zinazoelewana, na hakuna hata moja iliyoombwa ruhusa.

Pamoja na reli zilikuja nyaya za simu ya maandishi, zilizotundikwa juu ya nguzo kando ya njia. Kwa aliyezoea kununua waya kipande kwa kipande, huo ulikuwa utajiri usio na kifani. Hesabu ndogo inatosha kuuonyesha. Mzingo wa mkono wa mtu mzima chini kidogo ya kiwiko ni kama sentimita 20. Pambo la mizunguko 25 hutumia mita 5 hivi za waya. Kilomita moja ya waya wa simu ingetosha mikono 200, na njia ilikuwa na mamia ya kilomita.

Wanandi walizikata nyaya hizo mara kwa mara. Waya ukawa mapambo, na boliti na vipande vingine vya chuma vikapelekwa kwa wahunzi kufuliwa kuwa silaha. Hata mataruma, yaani vyuma vya kulazwa chini ya reli, yalikuwa ya chuma kwa sababu mbao zingeliwa na mchwa, na kila kifungo kilichoyashika kilikuwa malighafi ya bure. Kwa maofisa wa serikali huo ulikuwa wizi. Kwa Wanandi ulikuwa sehemu ya vita dhidi ya wageni waliopitisha mali yao katika ardhi isiyo yao. Uchukuaji wa nyaya ulikuwa miongoni mwa sababu za kampeni ya kijeshi ya mwaka 1900 iliyoongozwa na Luteni Kanali Evatt.

Upinzani huo ulikuwa umeanza mwaka 1895 na haukuisha kwa kampeni hiyo. Kiongozi wake wa kiroho, orkoiyot Koitalel arap Samoei, aliuawa na ofisa Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa kwa jina la amani. Baada ya hapo makundi ya Wanandi yaliyoishi karibu na reli, Kamelilo na Kapchepkendi, yalihamishwa kwa nguvu ili kuiacha njia wazi. Upande wa kusini, mwaka huo huo wa 1905, jeshi lilipelekwa Sotik, katika kaunti ya leo ya Bomet, kwa sababu ya uvamizi ulioteka mifugo ya Wamaasai. Kipchomber arap Koilegen, ndugu yake Koitalel aliyekuwa orkoiyot kwa Wakipsigis, alihamishiwa Fort Hall mwaka 1914 na hakurudi tena. Usalama wa reli na nyaya zake ulikuwa miongoni mwa hoja zilizotumiwa kuhamisha watu, na ardhi iliyobaki wazi ikagawiwa walowezi.

Shaba ya viwanda vya chai

Mji wa Kericho haukupata reli. Stesheni zilizouhudumia zilikuwa za kaskazini, hasa Lumbwa, ambayo leo inaitwa Kipkelion. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 karibu na Kericho kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mpango huo, uliojulikana kwa kifupi kama BEADOC, ulitegemea kitani, na bei ya kitani ilipoporomoka mpango nao ukaanguka. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni mawili makubwa, Brooke Bond na James Finlay, yalichukua ardhi na kupanda chai. Kuanzia hapo Lumbwa ikawa mlango wa nchi ya chai: mashine zilishushwa hapo kwenda juu, na masanduku ya chai yakapakiwa hapo kwenda Mombasa.

Mashine hizo zilileta shaba ya aina nyingine. Chai ya enzi hizo ilitengenezwa kwa njia ya kuyakunja majani katika mashine za kusokota. Majani yaliyonyauka yalitiwa ndani ya pipa lisilo na kitako, na pipa hilo likazungushwa juu ya meza ya duara yenye mataruma madogo yaliyoinuka, mpaka majani yakajikunja na kutoa maji yake. Uso wa meza na mataruma yake vilifunikwa kwa shaba njano. Chuma cha kawaida hakikufaa, kwa kuwa maji ya chai hukila na kugeuka meusi yanapokutana nacho, na weusi huo huharibu rangi na ladha. Kampuni ya Marshall ya Gainsborough, Uingereza, ilijulikana katika nchi zote za chai kwa mashine za namna hiyo.

Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vya Kenya vilihamia hatua kwa hatua kwenye njia inayojulikana kwa herufi CTC, ambapo majani hupondwa, huchanwa na kukunjwa kati ya magurudumu yenye meno ya chuma kisichoshika kutu. Njia hiyo ni ya haraka na hutoa chai inayokolea upesi kikombeni. Meza za shaba zikabaki bila kazi. Shaba iliyokuwa sehemu ya mashine ikawa shaba ya kupimwa kwa kilo, pamoja na bomba, vali na vipimo vya mvuke vilivyong'olewa kwenye boila.

Injini zenye majina

Wakati chai ilipokuwa ikipanuka, reli nayo ilikuwa ikipata injini mpya. Mwaka 1931 njia kuu ilifika Kampala kwa kupitia Eldoret, na njia ya Nakuru hadi Kisumu kupitia Lumbwa ikawa tawi. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja la Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950 shirika hilo lilinunua kundi kubwa la injini za mvuke, na nyingi zilipewa majina kwenye vibao vya shaba vilivyofungwa ubavuni.

Majina hayo yalifuata mpango. Injini za madaraja ya 29, 30 na 31 ziliitwa kwa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Injini 29 za daraja la 60, za aina ya Garratt yenye mihimili miwili ya magurudumu na boila katikati, ziliitwa kwa majina ya magavana wa kikoloni. Injini 34 za daraja la 59, zilizoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester mwaka 1955 na 1956, ziliitwa kwa majina ya milima. Namba 5901 iliitwa Mount Kenya. Kila moja ya hizi za milima ilikuwa na urefu wa mita 31 na zaidi na uzito wa tani 252, na hakukuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda katika reli za upana wa mita moja popote duniani.

Uhuru ulipofika, vibao vya magavana viling'olewa. Injini hizo ziliendelea kuvuta mabehewa kwa namba tu, ilhali majina ya milima na makabila yaliachwa mahali pake. Uamuzi huo wa kisiasa ulikuwa na matokeo ya kibiashara: kibao kilichotenganishwa na injini yake kikawa kitu cha kujitegemea, kinachoweza kubebwa na mtu mmoja, kufichwa kabatini, kupelekwa ng'ambo na kuuzwa.

Mvuke wenyewe haukuishi muda mrefu baada ya hapo. Injini za dizeli zilichukua nafasi yake katika miaka ya 1960 na 1970. Shirika la pamoja lilivunjika mwaka 1977, Shirika la Reli la Kenya likaanzishwa mwaka uliofuata, na injini za mvuke zikaondolewa kazini kufikia mwanzo wa miaka ya 1980. Nyingi zilikatwakatwa. Katika kazi hiyo metali hutenganishwa mapema: filimbi, vali, vipimo, bomba na vifuko vya ekseli vyenye shaba huondolewa kwanza kwa sababu kilo yake ni ghali mara kadhaa kuliko ya chuma, kisha moto wa gesi huingia kwenye mabamba.

Zilizookoka ni chache. Jumba la Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za Fred Jordan, aliyekuwa mtunzaji wake wa kwanza, lina injini mbili za daraja la 59: namba 5918 Mount Gelai na namba 5930 Mount Shengena. Lina pia namba 2921, yenye jina la Wamaasai wa Kenya. Kwa mgeni anayetoka Kericho, hapo ndipo mahali karibu zaidi pa kuona kibao cha shaba kikiwa bado kimefungwa kwenye injini yake.

Soko la kumbukumbu

Uingereza kuna minada ya mara kwa mara ya vitu vya reli: taa, saa za stesheni, filimbi, vibao vya namba na vya majina. Reli za makoloni ya zamani zina nafasi yake humo, na vibao vya Afrika Mashariki vimekuwa vikionekana. Wanunuzi wengi ni waliowahi kufanya kazi kwenye reli hizo, watoto wao, na wapenzi wa injini za Garratt ambao hawajawahi kufika Kenya.

Thamani ya kibao katika soko hilo haina uhusiano na uzito wake. Maswali yanayoulizwa ni mengine. Je, kilifungwa kweli kwenye injini, au ni nakala iliyotiwa kalibu baadaye? Matundu ya boliti yana alama za kukazwa na kulegezwa? Mgongo wake bado una rangi ya injini na masizi, au umesuguliwa? Kuna karatasi inayoonyesha alivyokipata mwenye nacho wa kwanza? Kibao kichafu chenye historia inayofuatika huuzwa ghali kuliko kinachong'aa kisicho na maelezo. Aliyezoea kuuza shaba kwa kilo angefanya kinyume: angekisugua ili kiuzike.

Jamaa wa soko hili ni lile la injini za mfano za shaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mafundi wa Japani walianza kutengeneza kwa mkono injini ndogo za shaba kwa wateja wa Marekani. Bamba jembamba lilikatwa, likakunjwa na kuunganishwa kwa risasi ya kuchomea, kipande baada ya kipande, mpaka ngazi, vishikio na mabomba yote ya injini halisi yakaonekana. Watengenezaji kama Tenshodo na KTM walipata sifa kubwa, na kampuni ya Pacific Fast Mail ya jimbo la Washington ikawa mwagizaji mashuhuri. Yeni ya Japani ilipopanda thamani kuanzia miaka ya 1970, kazi ilihamia Korea Kusini, ambako Samhongsa na Ajin ndizo zilizojulikana zaidi.

Shaba njano ilichaguliwa kwa sababu za kiufundi. Hukatika kirahisi, hushika risasi vizuri, haipati kutu, na inavumilia sehemu nyembamba kuliko plastiki ya wakati ule. Mifano ilitolewa kwa mamia tu au pungufu, kwa hiyo mnunuzi wa pili hakuwa na pa kwenda ila kwa mwenye nayo. Hapo soko la kuuza tena likazaliwa. Bei ndani yake huamuliwa na idadi iliyotengenezwa, jina la mtengenezaji, kuwapo kwa sanduku la awali, hali ya mota, na kama rangi ilipakwa na fundi hodari au na mwenye mali. Wengi hupendelea mfano usiopakwa rangi, kwa sababu mnunuzi huona kila kiungo.

Kwa kipimo kinachotumiwa zaidi, ambapo kitu halisi hugawanywa mara 87, injini ya daraja la 59 ingekuwa na urefu wa sentimita 36 hivi, na reli ya upana wa mita moja ingekuwa na upana wa chini kidogo ya milimita 12. Hapo ndipo ugumu wa reli za Afrika Mashariki kwa mkusanyaji unapoanzia. Vifaa vingi vya kipimo hicho vimetengenezewa reli pana za Marekani na Ulaya. Anayetaka injini ya Kenya huhitaji njia, magurudumu na mabehewa ya upana wa pekee, na kazi ya mkono huwa kubwa.

Soko hilo limebadilika tangu mwanzo wa karne hii. Plastiki ya kiwandani sasa ina maelezo madogo yaliyokuwa yakipatikana kwenye shaba peke yake, tena kwa bei ya chini. Wakusanyaji wa kizazi cha baada ya vita wanazeeka, na warithi wao huleta mikusanyo yote sokoni kwa mara moja. Mifano ya kawaida imeshuka bei. Ya nadra imeshikilia, kwa sababu hiyo ndiyo ambayo viwanda vya plastiki havina faida ya kuitengeneza.

Vyuma chakavu na sheria

Katika nchi ya chai yenyewe, kipimo kinachotawala ni kilo. Wakusanyaji wa vyuma chakavu hupita mashambani na vijijini kwa mikokoteni na pikipiki, wakinunua chuma, alumini, shaba nyekundu na shaba njano. Vitu vya shaba njano ni bomba za maji, kufuli, vitasa, vichwa vya mitungi na majiko ya zamani ya mafuta ya taa. Mzigo huuzwa kwa mnunuzi mwenye mizani mjini, kisha hupelekwa Kisumu, Nakuru au Nairobi. Sehemu yake hurudi kuwa mapambo: karakana za Kibera huyeyusha kufuli na bomba za shaba na kuzitia kalibuni kutoa bangili, herini na mikufu inayouzwa kwa watalii na kusafirishwa nje. Njia hiyo, kutoka chombo cha kazi hadi bangili, ndiyo uliyoipitia waya wa simu mwanzoni mwa karne ya 20.

Uharibifu wa mitambo pia umeendelea. Nyaya za shaba za simu za mezani ziliibwa kiasi cha kuwasukuma watoa huduma kwenye mitambo isiyotumia waya, na nyaya na transfoma za umeme zikafuata. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 iliunda baraza la kusimamia biashara hiyo na kumtaka kila mnunuzi awe na leseni na aweke kumbukumbu za anaonunua kwao. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa na nchi nzima kukosa umeme, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu kote nchini. Ilifunguliwa tena mwezi Mei mwaka huo kwa masharti mapya.

Reli ya Kisumu nayo ilikuwa imeingia katika hali mbaya. Huduma za abiria zilisimama kwa miaka kadhaa na baadhi ya vyuma vya njia vikang'olewa. Njia ya kilomita 217 kutoka Nakuru ilikarabatiwa, na Desemba 2021 treni ya abiria ikapita tena Londiani, Kipkelion na Fort Ternan. Mipango ya reli mpya kutoka Naivasha hadi Kisumu inapitisha njia Narok na Bomet, ambako reli haijawahi kufika.

Hifadhi ya vilivyobaki inakutana na kizuizi cha tarehe. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 huvihesabu kuwa vya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kifaa cha namna hiyo hakiwezi kupelekwa nje bila kibali. Reli ya kwanza ilitandazwa Mombasa mwaka 1896. Kwa hiyo masango ya msafara yaliyoletwa kabla ya 1895 yana kinga ya sheria moja kwa moja, lakini boliti ya Reli ya Uganda, kibao cha injini na meza ya shaba ya kiwanda cha chai havina. Vinahitaji kutangazwa rasmi na waziri kuwa vitu vinavyolindwa, kimoja kimoja au kwa aina.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu vipimo vitatu vya shaba havilingani. Kilichothaminiwa kwa mkono kinaweza kuuzwa kwa kilo, na kilichouzwa kwa jina kinaweza kurudi kwenye mizani mwenye nacho asipojua ni nini. Kinyume chake hakiwezekani: shaba ikishayeyushwa, hakuna mnada unaoweza kuirudishia jina. Stesheni ya Kipkelion na viwanda vya zamani vya chai vya Kericho bado ni mahali ambapo orodha ya vifaa vilivyobaki, yenye namba, alama za mtengenezaji na picha, inaweza kuandikwa kabla ya mnunuzi wa kilo au wa jina kufika, na orodha kama hiyo ndiyo ushahidi ambao tangazo la waziri lingehitaji.